Kabla ya kumwandika mhamiaji kwenye kompyuta, muulize alifikia kwa nani

Programu yangu ya kwanza ya kuiga uhamiaji ilimaliza watu kijijini. Nilikuwa nimeunda kaya 500 za mashambani na mji mmoja niliouita Nairobi, nikampa kila mtu kanuni moja tu: linganisha kipato cha hapa na cha kule, penye zaidi ndiko uende. Nikabonyeza kitufe. Vidoti vya kijani vikaanza kuvuka skrini, na kabla ya mizunguko 40 kijiji kilikuwa kitupu. Hakuna mzee aliyebaki na ng'ombe, hakuna aliyerudi kuzika. Mimi nimelelewa na nyanya aliyekataa katakata kuhamia mjini, kwa hiyo nilijua nimeandika uongo.

Kwa wewe unayetaka kuanza kazi hii, programu yenyewe isikusumbue. Kila mtu ndani yake huitwa wakala: ana umri wake, pesa zake, jamaa zake na kanuni zake za kuamua. Huandiki wangapi watahama. Unawaacha waamue mmoja mmoja, kisha unatazama jumla inavyojitokeza. NetLogo, iliyotolewa na Uri Wilensky mwaka 1999, haina malipo na inamtosha anayejifunza. Kama unajua lugha ya kompyuta ya Python, iko Mesa, inayofanya kazi hiyo hiyo.

Kinachokula muda ni kanuni, na hizo usizitunge ukiwa peke yako mezani. Aliyenifungua macho ni mama anayeuza sukuma wiki karibu na ninapoishi, Kawangware. Jioni moja alikuwa akikata mboga ya mteja, amekunja majani kama sigara nene, kisu kinapita kando ya kidole gumba bila yeye kukitazama. Nikamuuliza kwa nini aliamua kuja Nairobi. Nilikuwa nangoja jibu la pesa au la shamba dogo.

"Mimi sikuamua," akasema. "Dada alijifungua, akataka mtu wa kumshikia mtoto. Mama akasema niende mimi, mdogo wangu alikuwa bado shule."

Nikamuuliza alifikia kwa nani.

"Kwa huyo huyo dada. Chumba kimoja, pazia katikati. Mtoto wa pili alipozaliwa, nikatafuta kwangu."

Nilirudi nyumbani nikafuta karibu kila kitu. Mwenye kuamua nilimhamisha kutoka kwa mtu mmoja hadi kwenye kaya, maana hapa aliyeamua ni mama yao. Kila kaya nikaipa orodha ya jamaa walio mjini, na mtu asiye na pa kufikia nikampandishia gharama ya kuondoka mara kadhaa. Chumba cha mwenyeji nacho nikakiwekea kikomo: kikijaa, hakipokei mwingine. Kisha, kaya ikishamtoa mmoja, uwezekano wa kumtoa wa pili ukapungua, kwa sababu lazima abaki mtu wa kuangalia wazee na shamba.

Nilipoiendesha tena, kijiji hakikuisha. Vijiji viwili vyenye mapato sawasawa vilienda njia tofauti kabisa: kimoja kilitoa watu mwaka baada ya mwaka, kingine karibu hakikusogea, na tofauti ilianzia kwa watu watatu wanne waliotangulia. Tena waliofika walijikusanya mitaa ile ile. Hilo sikuliandika popote, lilizaliwa na kanuni zenyewe. Ndicho kinachonifanya niipende kazi hii.

Usiwadharau wanauchumi lakini. John Harris na Michael Todaro, wakiitazama Afrika Mashariki, waliandika mwaka 1970 kwamba mtu hapimi mshahara wa mjini peke yake, anapima pia uwezekano wa kuupata. Tuseme shamba linampa shilingi 8,000 kwa mwezi na kazi ya mjini inalipa 20,000: nafasi ikiwa 4 kwa 10, matarajio yake ni 8,000 ile ile, na hana sababu ya kusogea. Kenya ilikuwa imeyaona haya mwaka 1964, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana ajira ziongezwe. Habari ya kazi ikawavuta wengi zaidi mjini, na wasio na kazi wakaongezeka. Liweke hilo la uwezekano wa kupata kazi kwenye kanuni za mawakala wako, uongeze nafasi za kazi, utaliona likitokea mbele yako.

Usiamini matokeo ya mara moja. Kuna bahati nasibu ndani ya kila mzunguko, kwa hiyo endesha mara mia na utoe masafa, kutoka chini hadi juu, badala ya namba moja. Halafu linganisha na takwimu ambazo hukuzitumia kujenga. Mimi hutumia sensa: Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 mwaka 2009 na 4,397,073 mwaka 2019. Lakini tahadhari, ongezeko hilo si la wahamiaji tu, maelfu kwa maelfu wamezaliwa humu humu, hospitali ya Pumwani na kwingineko. Na sensa yetu humhesabu mtu alikolala usiku ule. Ile ya 2019 ilifanywa Agosti. Ingefanywa Krismasi, tungeona mji mwingine.

Kama unaiga wanaokimbia vita, haya ya kikao cha familia hayatakufaa sana. Angalia programu ya Flee, ambayo Diana Suleimenova na wenzake waliijaribu kwa Burundi, Mali na Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2017. Yenyewe inashughulika na barabara, umbali na kambi ambayo watu wataifikia.

Juzi nilimpelekea yule mama kompyuta kibandani. Akatazama vidoti vikipita kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa juu ya fungu la nyanya. Akauliza, "Na hawa hawarudi kupanda?"

Sikuwa nimeweka msimu wa kupanda. Wiki hii ninauongeza mwezi wa tatu, wa kupanda, kwenye kanuni.