Simu inazimika ikiwa na asilimia 30, ninunue mpya?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza ndizi Mbuyuni, Moshi. iPhone 11 yangu huzimika chaji ikifika asilimia 30, na wateja wangu wengi hulipa kwa simu. Muuza simu ananihimiza ninunue mpya wiki hii.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo yuko kazini, lazima ahimize! Betri za lithiamu huchoka. Fungua mipangilio, tazama afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, mpelekee fundi unayemwamini akuwekee nyingine. Kioo kizima, kamera nzima, unatupa nini? Ukiona lazima ununue, Apple kwa kawaida hutoa simu mpya Septemba, na za nyuma hushuka bei. Ila simu isiyopokea tena masasisho ya usalama, nawe unapokelea pesa humo, hiyo badilisha hata kama betri inakaa siku mbili.