Fungate ya baridi Vienna: anzeni kupanga kutoka ndani

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni busara kwa wanandoa wapya kutoka kwetu kwenda fungate katika mji mkubwa wa Ulaya wakati wa baridi, na kama wakienda wajipange vipi, au kama huko ni kujitafutia mateso kwa gharama kubwa. Ninaishi Vienna, mji mkuu wa Austria, na kila majira ya baridi hukosi kunipata uwanja wa ndege nikimpokea ndugu au rafiki, baadhi yao wakiwa bado na hina mikononi. Jibu langu ni ndiyo, ni busara, ila kwa sharti moja: baridi na giza viingizwe katika mpango tangu siku ya kwanza, visichukuliwe kuwa bahati mbaya ya kuvumiliwa. Wengi huja na orodha ndefu ya majumba ya kifalme, makanisa na makumbusho, wakitaka kuyamaliza yote kama mtu anayelipa madeni ya duka kabla ya mwezi kuandama, na ifikapo siku ya tatu bibi harusi ana mafua na bwana harusi hasemi na mtu.

Sisi tumezoea jua la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Hapa Vienna mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi alasiri, wakati ambapo nyumbani watu ndio kwanza wanatoka kupunga upepo. Kwa hiyo mchana wa kutembea ni mfupi, na si wa kuugawa mara tano. Mimi huwashauri wageni wachague jambo moja la mchana, kati ya saa nne na saa tisa, na jambo moja la usiku, na kila kilichobaki wakiachie chumba na mkahawa. Anayekwenda fungate hakwenda kutafuta umati, na mji unaofunga mapazia mapema unawapa wawili sababu nzuri ya kukaa pamoja bila kuulizwa na mtu kwa nini hawajatoka.

Tarehe ndiyo jambo la kwanza kuamua, na hapa natofautiana na watu wengi, kwa kuwa wengi huitaka Desemba kwa sababu ya masoko ya Krismasi. Soko lililo mbele ya jengo la halmashauri ya jiji, Rathaus, ni zuri kweli, lakini jioni za mwisho wa wiki watu husukumana hapo hadi mkashindwa kushikana mikono, bei za hoteli hupanda, na usiku wa tarehe 24 mikahawa mingi hufungwa mkabaki mkitafuta chakula. Ningechagua kipindi cha kuanzia katikati ya Januari hadi Februari. Bei huwa zimeshuka, umati umeondoka, katikati ya Februari jua limeshasogea hadi saa kumi na moja na robo hivi, na uwanja uleule wa Rathaus hugeuzwa kuwa bustani ya barafu ambapo mnakodi viatu vya kuteleza, mnashikana na kuanguka pamoja mbele ya watoto wa miaka sita wanaowapita kwa kasi. Ndugu Waislamu watazame pia kalenda, kwani kwa mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari.

Kuchelewesha safari kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana. Harusi nyingi za kwetu hufanyika Desemba, na wanaotaka kuruka siku mbili baada ya sherehe hulazimika kuomba viza kabla ya kuoana, kila mmoja kivyake, bila cheti cha ndoa cha kuonyesha kuwa wanasafiri kama mume na mke. Mkioana Desemba na kusafiri Februari, cheti kipo mkononi. Maombi ya viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Austria, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wa kuyapeleka ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu kufika 45, hivyo mwenye kungoja hadi dakika ya mwisho asimlaumu afisa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi mkikataliwa, tena bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu. Bibi harusi anayetaka kuchukua jina la mumewe asikimbilie kubadilisha pasipoti katikati ya shughuli hii: tiketi, bima na viza vyote vifuate jina lililo katika pasipoti atakayosafiri nayo, na jina jipya litamsubiri akirudi.

Fedha zenu wekeni kwenye chumba kabla ya kitu kingine chochote, maana mtakaa humo kwa saa nyingi kuliko mnavyodhani. Mji umegawanywa katika mitaa yenye namba, na si lazima chumba kiwe katika mtaa wa kwanza, karibu na kanisa la Mtakatifu Stefano, ambako bei huuma. Mitaa ya 6, 7 na 8 iko jirani, ni tulivu, na treni za chini ya ardhi huwafikisha kokote. Lakini kuna jambo ambalo tovuti za hoteli hazilisemi waziwazi. Kitanda cha watu wawili katika hoteli nyingi za Austria ni fremu moja yenye magodoro mawili yaliyolazwa sambamba, kila godoro na shuka lake na duveti lake la mtu mmoja, likiwa limekunjwa vizuri upande wake. Katikati kuna mfereji ambao kila anayejaribu kuuvuka usiku huujua vizuri asubuhi. Wenyeji wanaona hivyo ndivyo wanandoa wanavyolala kwa amani, na pengine baada ya miaka ishirini watakuwa na hoja, lakini kwa fungate andikeni mapema mkiomba godoro moja na duveti moja kubwa. Hoteli zenye vyumba vya namna hiyo hujibu mara moja.

Kuhusu mavazi, msinunue makoti hapa kabla hamjapita mtumbani. Karume kule Ilala na Gikomba kule Nairobi, makoti mazito ya sufu yaliyoshushwa kutoka Ulaya hutundikwa pembeni kwa sababu wanunuzi wa mjini hawayahitaji, na hupatikana kwa bei ambayo hapa isingetosha kununua hata skafu. Viatu ni suala tofauti. Vinunuliwe vipya, visivyopitisha maji na vyenye soli ya kushika, kwa kuwa theluji inayoyeyuka na kuganda tena usiku haina huruma na soli laini. Ndani ya nyumba kuna joto la kutosha kuvaa fulana, kwa hiyo vaeni nguo nyembamba kadhaa zinazovulika, wala msitegemee sweta moja nene. Hewa ya vipasha joto hukausha ngozi vibaya sana, basi chupa ya mafuta ya nazi isikose kwenye sanduku.

Sasa nifike kwenye mkahawa, ambao kwangu ndio moyo wa fungate ya Vienna. Mwaka 2011 utamaduni wa mikahawa ya mji huu uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika chini ya UNESCO, na ukikaa humo utaelewa sababu. Mnaingia, mnaning'iniza makoti, mnachagua meza ya marumaru iliyo karibu na dirisha, na mhudumu wa kiume mwenye suti nyeusi, ambaye huitwa kwa heshima Herr Ober, analeta kahawa kwenye sinia dogo la rangi ya fedha pamoja na glasi ya maji na kijiko kilicholazwa juu ya glasi hiyo. Baada ya hapo hawasumbui tena. Kikombe kimoja kinawapa haki ya kukaa saa tatu, mkisoma, mkizungumza au mkitazama watu wanaopita nje wameinama kwa upepo, na bili haiji mpaka muiombe. Melange, inayoagizwa zaidi, ina maziwa mengi kwa mtu wa Pwani aliyelelewa na kahawa chungu, naye aagize kleiner Schwarzer, yaani kikombe kidogo cha kahawa nyeusi. Café Central, iliyofunguliwa 1876, ina matao mazuri ajabu, lakini foleni yake husimama nje barabarani, na sioni mapenzi gani yanayonoga katika foleni ya nyuzi mbili chini ya sifuri. Nendeni Sperl, ya mwaka 1880, yenye meza za biliadi na viti vya zamani, au usiku nendeni Hawelka, chumba chenye mwanga hafifu ambako maandazi ya kuoka yenye jamu ya plamu hutolewa yakiwa ya moto. Wasiotumia pombe waulize kabla ya kuagiza vitamu, kwa kuwa zabibu za Kaiserschmarrn, chapati nene tamu iliyochanwa vipande, mara nyingi huwa zimelowekwa kwenye ramu.

Usiku mmoja uwe wa opera. Staatsoper, jumba la opera la taifa lililofunguliwa 1869, huuza tiketi za kusimama siku hiyohiyo ya onyesho kwa bei isiyozidi ya chakula cha kawaida cha mchana, na kutoka mahali hapo pa kusimama mnasikia sauti zilezile wanazosikia waliolipa mamia ya euro. Mkiisha kupata nafasi, mnafunga skafu kwenye reli iliyo mbele yenu, na nafasi hiyo inahesabika kuwa yenu. Mnaweza kwenda kunywa maji na kurudi, na hakuna atakayeigusa. Makoti huachwa kwa watunzaji pale mlangoni. Miguu ikichoka wakati wa mapumziko, hakuna aibu kuondoka.

Usiku mwingine, kwa wenye uwezo, uwe wa dansi. Msimu wa dansi rasmi za Vienna hufikia kilele Januari na Februari, na zipo za kila kundi: wenye mikahawa wana yao katika jumba la kifalme la Hofburg, madaktari wana yao, wanasheria wana yao. Ile ya Opera, inayofanyika Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu, iacheni, kwani ni ghali na ni ya kuonekana. Katika hizo nyingine wanawake huvaa gauni refu la kufika chini, na hapo gauni la send-off, ambalo vinginevyo lingelala kabatini maisha yake yote, hupata kazi ya pili. Gauni jeupe la harusi msilete, maana rangi nyeupe wameachiwa wasichana wanaofungua dansi. Shule za dansi za mjini hutoa mafunzo mafupi ya waltz kwa wageni. Saa sita ya usiku huchezwa kadrili, ambapo mtu mmoja hutangaza hatua kwa kasi inayozidi kuongezeka mpaka mamia ya watu wazima waliovaa vizuri wanagongana na kucheka, na humo ndimo nilimowahi kuona bwana harusi mmoja mkimya kutoka Moshi akipiga kelele za furaha.

Majumba na makumbusho yapo, nami sisemi myaruke. Ila chagueni mawili. Kunsthistorisches, jumba la makumbusho ya sanaa linalofungwa Jumatatu wakati wa baridi, lina picha ya mchoraji Bruegel ya mwaka 1565 ya wawindaji wakirudi kwenye theluji, na mbele yake kuna mahali pa kukaa. Jumba la Belvedere lina ile picha ya dhahabu ya mchoraji Klimt ya wawili wakibusiana, ambayo mnapaswa kuiwahi mlango unapofunguliwa kabla ya makundi ya watalii. Jumba la kifalme la Schönbrunn lina vyumba 1,441, na hilo pekee litoshe kuwaonya. Theluji haina ahadi hapa mjini, kwa hiyo wanaoitaka kwa picha wapande treni hadi Semmering, kwa reli ya mlimani iliyofunguliwa 1854, ambako uwezekano wa kuikuta ni mkubwa zaidi. Farasi wa kukokota magari ya kizamani wapiteni tu; tramu ya barabara ya Ring jioni ina joto, ina madirisha makubwa, na inapita mbele ya majengo yaleyale.

Maji moto ya Oberlaa, mwisho wa treni ya U1, yanafaa sana kwa wawili waliochoka na baridi, lakini nitoe tahadhari ambayo ingewaokoa wengi na fedheha. Kwenye mabwawa huvaliwa nguo za kuogelea kama kawaida. Kwenye sauna za Austria, vile vyumba vya joto kali vya kutoa jasho, wanaume na wanawake huingia pamoja, tena bila nguo, na anayeingia amevaa ndiye anayeambiwa atoke. Ulizeni kabla ya kusukuma mlango.

Wapo ambao kwao jibu langu ni hapana. Mwenye seli mundu aanze kwa daktari wake, kwa kuwa baridi ni moja ya vichocheo vya maumivu makali, na mwenye pumu inayoamshwa na hewa baridi afanye vivyo hivyo. Hao, pamoja na yeyote anayejijua kuwa akikosa jua kwa siku tatu hununa, waje Mei. Wakati huo jua huzama baada ya saa mbili usiku, koti zito halihitajiki, na Staatsoper bado ina maonyesho hadi mwisho wa Juni. Ila chumba wakishike mapema zaidi, kwa sababu Mei bei za Januari huwa hazipo tena.

Msomaji wenu,
Favoriten, Vienna