Kicheche kanasa kwenye mtego wa nguchiro, nimtoeje?

Pole dada wa Mkonze. Umesema mnyama aliyenasa ni mweusi, ana mistari myeupe toka kichwani hadi mkiani, unaogopa mkojo wake, na mbwa wako yuko karibu: huyo ni kicheche, na mkojo unaouogopa si mkojo, ni majimaji ya tezi za chini ya mkia. Usimmwagie maji wala kumchokoa, na huyo mbwa mfunge kwanza.

Chukua shuka kuukuu, litandaze mbele yako kama pazia, sogea taratibu, kisha funika mtego wote. Gizani hutulia. Akiinua mkia na kutimua manyoya, simama hapohapo mpaka aushushe. Jioni inua mlango, uegemeze kijiti, ondoka. Atatoka mwenyewe. Usimguse kwa mkono. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha zahanati upesi, kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Mbwa akirushiwa majimaji hayo, kumpaka nyanya hakuondoi harufu. Changanya haidrojeni peroksaidi (dawa ya kusafishia vidonda) ya asilimia 3 lita moja, robo kikombe cha baking soda na kijiko cha sabuni ya maji, umpake papo hapo, machoni usiguse. Mabaki mwaga, ukiyafungia chupani, chupa itapasuka.

Kumuua kicheche sikushauri, anakula sana panya. Ziba tu matundu ya banda, asiingie.