Pasipoti hufa kabla ya tarehe yake

Wengi huangalia tarehe ya mwisho tu. Wakiona imebaki miaka 2, pasipoti inarudi kabatini. Kumbe benki au kaunta ya uwanja wa ndege inaweza kuikataa leo hii.

Fungua ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili yenye alama za <<<, kila mmoja una nafasi 44. Mashine husoma hapo. Katika mstari wa pili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho kila moja inafuatwa na tarakimu ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizoitangulia. Herufi moja ikichubuka, hesabu hazikubali, nawe unawekwa pembeni. Kwa hiyo pasigusane na kalamu, stika wala gundi, na usithubutu kupeleka kitabu kikapigwe lamineti.

Kwenye jalada, kialama cha mstatili chenye duara katikati maana yake ndani kuna chipu. Imeungwa na antena nyembamba mno, na adui wake mkubwa ni mfuko wa nyuma wa suruali: ukikaa, kitabu kinapinda, antena inakatika bila kuacha alama ya nje. Pini ya stepla nayo inatosha kuiua. Wahudumu wa ofisi hupenda kubana fomu na pasipoti pamoja. Wazuie kwa upole, waombe klipu.

Huku pwani jasho na unyevu hukunja jalada na kulegeza mshono. Ikilowa, weka karatasi nyeupe kavu kati ya kurasa, ilaze chini ya kitabu kizito, kivulini. Usiipige pasi wala kuianika juani. Wino ukisambaa au ukurasa ukichomoka, omba nyingine. Kuunga kwa selotepu kunafanya ionekane imechezewa. Mihuri ya kumbukumbu ya vivutio vya utalii igongwe kwenye daftari lako.

Kuhusu muda, nchi nyingi hudai miezi 6 iliyobaki. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hudai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Anza kuomba mpya ikibaki miezi 9, au mapema zaidi kama kurasa tupu zimebaki mbili.

Jambo linaloumiza watu zaidi ni hili: usiripoti upotevu kabla hujapekua mabegi yote. Ukiripoti, pasipoti hufutwa, na taarifa zake zinaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ya hati zilizoibwa au kupotea, iliyoanza 2002. Ukiiokota uvunguni mwa kitanda baadaye, irudishe Uhamiaji. Ukisafiri nayo utazuiwa.

Usiiweke rehani kwa mwenye nyumba wala mkopeshaji. Ni mali ya serikali. Anayehitaji kitambulisho mpe nakala, na katikati ya nakala andika inakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na tarehe.

Pasipoti mpya kwa kawaida huja na namba mpya, basi ipeleke benki na kokote ulikojisajili kwa ile ya zamani. Kama kitabu cha zamani kina viza ya Marekani iliyo hai, safiri na vitabu vyote viwili, na viza hiyo usiibandue.