Bomba kwenye spana haliwezi kuziba ekzosi

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ujiji. Gari langu dogo la silinda nne lilifunguliwa injini kubadilisha gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini). Tangu lifungwe, asubuhi linalia "tak tak tak" upande wa ekzosi, likishapata moto linanyamaza. Fundi alikaza bolti za manifoldi (bomba la matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) kwa spana aliyoichomekea bomba, moja ikakatika. Sasa anataka kuzikaza zaidi zilizobaki na kupaka silikoni. Nimruhusu? Mwezi ujao naenda Tabora na familia.

JIBU: Marahaba. Usimruhusu.

Mlio huo ni moshi unaopenya kati ya manifoldi na hedi, na huenda ni karibu na hiyo bolti iliyokatika. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuubana ule mwanya, ndiyo maana kelele inapotea. Haijapona.

Sasa hilo bomba. Hapa Tabora kila wiki naletewa hedi yenye bolti zilizokatikia ndani, na kila mara naambiwa fundi "alikaza vizuri sana". Shika spana ya sentimita 25, uivute kwa nguvu ya kunyanyua kilo 10: umepata takriban Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na bolti ya kawaida ya milimita 8 haihitaji zaidi ya hapo. Vuta kwa mkono uleule kwenye bomba la mita moja, unakaribia Nm 100. Bolti hubana kwa sababu imevutika kidogo na inataka kurudi, kama mpira. Ukiipitisha kiwango chake hairudi tena. Ukiigusa utaiona ngumu, kumbe imeshakufa, inasubiri mashimo ya barabarani imalizike.

Tena, katika nguvu unayotia kwenye spana, ni kama sehemu moja tu kati ya kumi inayobana. Tisa zilizobaki zinaliwa na msuguano wa uzi wa bolti na wa kichwa chake. Kwa hiyo uzi wenye kutu utaidanganya hata toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza: itakwambia imefika wakati manifoldi haijabanwa. Safisha uzi kwa brashi ya waya, mashimo yapitishe tapu, kifaa cha kusafishia uzi wa ndani ya shimo. Na kama kitabu cha injini kimetoa kipimo cha uzi mkavu, usimwage oili ukatumia kipimo hichohicho, utapitiliza.

Jambo ambalo wengi hawataki kuelewa ni kwamba manifoldi inatembea. Ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 40, joto likipanda nyuzi 500, inarefuka kama milimita 2. Hedi ya alumini inapozwa na maji, haifiki joto hilo, kwa hiyo haiifuati. Ndiyo sababu mashimo ya pembeni ya manifoldi nyingi yametobolewa makubwa kidogo. Injini ikiwa baridi, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha anzia katikati, nenda nje kwa kupokezana kushoto na kulia, kwa mizunguko mitatu: nusu ya kipimo, robo tatu, kipimo kamili. Anayeanzia upande mmoja na kumalizia mwingine anaikunja manifoldi, na bolti ya pembeni ndiyo itakayokatika.

Kwako wewe, manifoldi ivuliwe. Kipande cha bolti kilichobaki kimwagiwe dawa ya kutu kilale usiku, kisha kichomelewe nati juu yake na kutolewa taratibu. Uso wa manifoldi upimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Ikiwa imepinda kupita kipimo cha kitabu, ipelekwe ikasawazishwe. Gasketi mpya, bolti mpya zote.

Silikoni? Ile nyekundu inayosifiwa kuwa ya joto kali inavumilia kama nyuzi 300, wakati moshi unaotoka kwenye silinda, gari likipanda mlima na mzigo, unapita 700. Itaungua na kubanduka, na mvuke wake utaharibu sensa ya oksijeni. Pua ya gari hiyo sensa. Ikinusa hewa iliyoingia kwenye mwanya inadhani petroli ni kidogo, inaamuru iongezwe. Halafu mwenye gari anauziwa plagi, anauziwa pampu, anauziwa dawa ya chupa, na mwanya upo palepale.

Ila petroli siyo inayoninyima usingizi. Moshi unaovujia chini ya boneti una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaingia ndani kupitia matundu ya hewa ya dashibodi. Dereva anaumwa kichwa, analegea, anadhani ni uchovu wa safari. Watoto wamelala siti ya nyuma, hakuna anayeshangaa kwamba hawaamki. Usipoondoka na gari lililotengenezwa, basi pandeni treni. Na yeyote mwenye gari linalolia hivyo asilale ndani yake injini ikiunguruma, hata kwa dakika chache za kungoja mvua ipite.