Mvinyo wa Nyanda za Juu Katika Joto la Malindi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi. Mwezi uliopita tuliletewa makasha kadhaa ya mvinyo mwekundu kutoka shamba moja la nyanda za juu za Uhispania. Karatasi ya chupa inasema kwamba umetengenezwa kwa zabibu za aina tatu, yaani Cabernet Sauvignon, Merlot na Tempranillo, na chini yake pana neno Crianza. Mkubwa wangu alinifundisha kuwa mvinyo mwekundu hautiwi friji, bali huandaliwa kwa joto la chumba, nami nikafuata. Mgeni alionja, akakunja uso, akasema kileo kinamchoma puani na kwamba ameletewa supu. Bei ya chupa ile ikakatwa kwenye mshahara wangu. Je, kosa lilikuwa langu au la mvinyo? Na huko kuchanganya zabibu za aina tatu, si ujanja kama wa mgema anayelitia tembo maji?
Mhudumu, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, kosa halikuwa lako, na kwa maoni yangu hata mvinyo haukuwa na kosa. Kosa limo katika maneno mawili uliyofundishwa: joto la chumba. Kanuni hiyo ilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe ambazo chumba chake cha kulia kilikuwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi, hasa kile cha nyuma ya jiko kilichoezekwa mabati, hupita nyuzijoto 30 bila taabu. Katika joto hilo kileo huvukiza haraka na kumfikia mnywaji puani kabla ya harufu ya tunda, na ladha yote huwa kama jamu iliyokaa motoni kupita kiasi. Siku nyingine tia chupa kwenye ndoo yenye barafu na maji, si barafu tupu, kwa muda wa dakika 15 hivi, kisha uipanguse na kuipeleka mezani. Mkubwa wako akiuliza, mwambie kwamba chumba kinachotajwa katika kanuni ile si hiki chetu.

Inafaa pia ujue kwa nini mvinyo huu hasa huumizwa na joto. Sehemu kubwa ya Uhispania ya ndani ni uwanda ulioinuka. Chukua mfano wa Finca Élez, shamba lililoko El Bonillo katika mkoa wa Albacete, ambalo mizabibu yake imepandwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo mchana jua huivisha zabibu na kuipa sukari, lakini usiku ukiingia baridi huuzuia mmea kuteketeza ukali wake wa asili, ule uchachu unaofanya kinywa kitoe mate. Uchachu huo ndio uti wa mgongo wa mvinyo wa nyanda za juu. Ukiuandaa ukiwa moto, huo ndio wa kwanza kufunikwa, na mteja hulipia mlima asiouonja. Hata majirani zetu wa Dodoma, wanaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, shamba lao liko juu ya mita 1,000, si pwani.

Kuhusu kuchanganya, naona umeliweka mahali pasipo pake. Mgema hutia maji ili tembo liwe jingi, lakini mtengenezaji wa mvinyo huu huchanganya kama mpishi wa pilau anavyopima bizari, mdalasini na iliki, kila kimoja kwa kazi yake. Tempranillo, ambayo jina lake latokana na neno la Kihispania lenye maana ya mapema, huiva kabla ya nyingine na huleta tunda jekundu. Cabernet Sauvignon huchelewa kuiva na ina ganda nene, hivyo hutoa ule ukakasi unaokaza ufizi mfano wa chai iliyokolea. Merlot hulainisha. Kwa kawaida kila aina huvunwa na kuchachuliwa peke yake, na ndipo mabwana wa kiwanda hukaa na vikombe na kuamua vipimo. Ukikuta chupa iliyoandikwa Vino de Pago, daraja lililowekwa katika sheria ya mvinyo ya Uhispania ya mwaka 2003, ujue kwamba zabibu zote zimetoka shamba hilohilo, hazikununuliwa kwa jirani.

Neno Crianza ni la umri. Kwa sheria ya jumla ya Uhispania, mvinyo mwekundu wa daraja hilo hukaa angalau miezi 24 kabla ya kuuzwa, na kati ya hiyo miezi 6 au zaidi huwa ndani ya pipa la mwaloni, yaani mti wa mbao ngumu. Reserva ni miezi 36, na 12 kati yake ni ya pipa. Gran Reserva ni 60, na 18 ni ya pipa. Kazi ya pipa si kutunza tu, kwa maana hewa kidogo hupenya mbao na kuutuliza ule ukakasi, na mbao zenyewe huacha harufu. Hapa pua ya mtu wa pwani ina faida kuliko ya mgeni: mwaloni wa Marekani hutoa harufu ya vanila na nazi, na mbao zilizobabuliwa kwa moto hutoa kiungo kilekile kinachofanya karafuu inukie karafuu. Inusishe pua yako kabla ya kummiminia mteja, hata kama hunywi.

Mwisho, makasha yaliyosalia yaondoe kwenye mabati leo. Mvinyo ukipashwa joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Ukiona kimechomoza au karatasi ina michirizi myekundu, chupa hiyo usimpelekee mtu.

SWALI: Mimi ni seremala. Nimepewa pipa kuukuu la mvinyo, silioni msumari wala gundi, nalo likijazwa maji linavuja kila upande. Lilishikaje mvinyo?
Fundi, Malindi

JIBU: Fundi, pipa la kawaida hubeba lita 225, na mbao zake hupindwa kwa moto kisha hubanwa na pete za chuma. Mwaloni hufuata nyuzi zake unapopasuliwa, na ukilowa hufura hadi mbao zikasukumana. Lako limekauka. Gonga pete zishuke zikaze, lijaze maji, liache siku mbili tatu huku ukiongeza yanayopungua. Mashua iliyolala ufukweni juani nayo huvuja siku inaporudishwa majini, hata kama kalafati yake, yaani pamba iliyozibia nyufa za mbao, ni nzima, na nahodha hachomi mashua kwa ajili hiyo.