Hadithi Zangu Zote Zinafia Sura ya Tatu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nina madaftari manne ya riwaya, na hakuna hata moja lililovuka sura ya tatu. Likija wazo jipya, la zamani naliacha. Nyumbani wananiita "mwandishi" kwa kejeli. Je, sina kipaji au ni mvivu?*
*Mchuuzi, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Mvivu hajazi madaftari manne. Na kipaji hakipimwi kwa hadithi ambayo haijaisha, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Hadithi zako zote zinakufa mahali pamoja, na hiyo ni dalili ya tatizo la ufundi. Sura za mwanzo ni nyepesi kwa sababu unatambulisha watu na mahali. Ikifika ya nne, lazima mtu awe anatafuta kitu na kuna anayemzuia. Kama hukuliamua hilo mapema, kalamu inakwama, na hapo ndipo wazo jipya linapoonekana tamu. Nalo utamu wake ni wa sura tatu tu.

Chagua daftari moja, lile ambalo mwisho wake unauona walau kwa mbali, hata kama lugha yake si nzuri kuliko mengine. Andika sentensi tatu: mhusika anataka nini, nani anamzuia, akishindwa atapoteza nini. "Anataka maisha mazuri" haikufikishi popote. "Anataka kuurudisha mtumbwi wa marehemu baba yake kutoka kwa baba yake mdogo" inaandikika. Kisha nunua kaunta buku ya kwaya mbili, yenye kurasa 192, na tukio la mwisho uliandike kwanza, kwenye kurasa za nyuma kabisa. Likiwa baya, liache hivyo hivyo.

Riwaya fupi ya maneno 30,000, kwa mwandiko wa maneno 200 kila ukurasa, ni kurasa 150. Usijiwekee ratiba ya kila alfajiri kama mtu wa ofisini. Biashara yako inafuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, mzigo unamiminika, nawe huna nafasi: nusu ukurasa, siku tatu kwa wiki, inatosha. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika na soko linapoa. Siku hizo, kama nane hivi, andika kurasa mbili kila siku. Jumla ni kurasa 20 kwa mwezi, yaani miezi saba na nusu. Ukikosa siku, usiilipe kesho yake. Deni la kurasa limewakimbiza wengi kuliko uchovu.

Usirudi nyuma kusahihisha. Soma aya ya mwisho tu, uendelee. Ukikwama, andika kwa herufi kubwa HAPA WANAGOMBANA, ruka uende tukio unaloliona. Wazo jipya lipe mistari miwili ndani ya jalada, basi. Kulifungulia daftari jipya ni marufuku.

Kuhusu kejeli: acha kuwasimulia hadithi. Ukishaisimulia jioni na watu wakacheka, hamu ya kuiandika inapungua nusu. Wala usichanganye kumaliza na kuchapishwa. Hapo ng'ambo Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kumaliza kuko mikononi mwako, kuchapishwa kuna wenyewe.

Ukifika mwisho, liweke daftari mwezi mzima bila kulifungua. Halafu lisome kwa kalamu nyekundu, jaza zile sehemu za herufi kubwa, kata sura ya kwanza kama hadithi inaanza ya pili (mara nyingi ndivyo inavyokuwa). Usikimbilie kuchapisha kwa kompyuta kabla ya hapo. Steshenari wanatoza kwa ukurasa, na kila utakachobadilisha baadaye utakilipia mara ya pili.